Jino limeshatolewa mshipa, mbona bado linauma? Mwongozo kamili wa wiki ya kwanza

Maswali yanayonifikia baada ya matibabu ya mzizi wa jino yanafanana mno. Mtu katoka kwa daktari wa meno mchana, ganzi ikamwachia jioni, akangoja aone kama litauma. Saa 5 usiku yuko kitandani kashika shavu, famasi zimefungwa, boti zimefungwa gatini. Asubuhi anameza dawa tatu za aina moja zenye majina tofauti, anaongeza antibiotiki alizobakiza mwaka jana, kisha anauliza mbona dawa haimshiki.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyekwisha kutibiwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nimeuandika nikimfikiria mkazi wa Lamu: wa mjini, wa Shela na Matondoni, na zaidi yule wa Pate, Siyu au Faza ambaye kumfuata daktari kwake ni safari ya bahari. Daktari wako akikupa maelekezo tofauti na haya, fuata yake. Yeye ndiye aliyeiona picha ya jino lako.

Mshipa haupo. Kinachouma ni nini?

Ndani ya jino hamna tena kitu kinachohisi. Daktari ametoa mshipa, akasafisha njia za mizizi kwa sindano nyembamba, akaosha kwa dawa (mara nyingi ni sodiamu haipokloraiti, jamaa yake Jik ya kung'arishia nguo nyeupe, ndiyo maana ulisikia ile harufu), kisha akaziba.

Lakini jino limeshikwa kwenye taya na nyama nyembamba inayouzunguka mzizi, na hiyo iko hai. Ilikuwa imekasirishwa na uchafu wa jino bovu, na sasa imeguswaguswa na kazi yenyewe. Imevimba kidogo, jino likainuka kiasi kisichoonekana kwa macho, na ukiuma unalisikia.

Maumivu hayo huwa makali zaidi ndani ya saa 24 hadi 48 za mwanzo, kisha hushuka. Wengi huwa wamepumua kati ya siku ya 3 na ya 7. Uchungu mdogo wakati wa kuuma kitu unaweza kubaki hata wiki mbili bila kuwa na maana mbaya. Aliyeingia kwa daktari akiwa na maumivu makali ategemee kuumwa zaidi baadaye kuliko yule ambaye jino lake lilikuwa kimya.

Vitu vya kuweka tayari kabla ya siku ya matibabu

Nunua kabla. Mtu mwenye mdomo wa ganzi hapendi kuzunguka vichochoroni kutafuta duka la dawa.

- Ibuprofen za miligramu 400, maarufu kama brufen, vidonge 10 hivi. Soma kwanza sehemu inayofuata.
- Paracetamol za miligramu 500, vidonge 20.
- Chupa mbili ndogo za maji zilizogandishwa frija, na leso au kikoi kikuukuu cha kuzizungushia.
- Chumvi ya kawaida.
- Kipimajoto. Kuhisi kipaji kwa mkono hakutoshi.
- Vyakula laini vya siku mbili: unga wa uji, mtindi, ndizi mbivu, pojo na mchele wa mseto.
- Karatasi na kalamu, au simu, ya kuandikia saa za dawa.
- Namba ya simu ya daktari au ya kliniki, na kama uko visiwani, namba ya nahodha anayekubali kutoka usiku.

Hiyo ya mwisho watu huicheka. Kipindi cha kusi bahari ikichafuka, si kila mwenye boti atakubali kukuvusha saa 8 usiku, na huo sio wakati wa kuanza kuulizia majina.

Brufen si ya kila mtu

Ibuprofen ndiyo inayofanya kazi vizuri zaidi hapa kwa sababu inapunguza uvimbe wenyewe. Ila usiimeze bila kuongea na daktari kama:

- una vidonda vya tumbo au umewahi kutapika damu;
- una ugonjwa wa figo, au moyo wako ni dhaifu;
- una presha isiyotulia, au unatumia dawa kama losartan au enalapril pamoja na kidonge cha kukojoza; ikichanganyika na hizo inaweza kuziumiza figo;
- una pumu inayoamshwa na aspirini au dawa za jamii hiyo;
- unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin, au aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo;
- ni mja mzito, hasa kuanzia wiki ya 20.

Na jambo la pwani yetu: homa ya mwili mzima yenye kuuma viungo na macho inaweza kuwa dengi, na ibuprofen huongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye dengi. Ukiwa na homa ya namna hiyo weka brufen kando, baki na paracetamol, ukapimwe dengi na malaria.

Aliyekatazwa ibuprofen atumie paracetamol peke yake kwa ratiba ileile ya Hatua ya 3. Haipunguzi uvimbe, lakini si dawa ya kudharauliwa kama watu wanavyoisema. Wenye ini bovu au wanywaji wa pombe wa kila siku, nao wamuulize daktari kipimo chao kabla ya kuigusa.

Hatua ya 1: Kabla hujainuka kitini, uliza

Je, nimechomwa sindano ya maumivu? Ikiwa ni diclofenac, hiyo ni ndugu wa ibuprofen. Hupaswi kuziweka mbili kwa wakati mmoja. Uliza saa ngapi unaweza kuanza brufen, uandike.

Zibiko ni la muda au la kudumu? La muda ni laini zaidi, linahitaji kulindwa, na maana yake kazi haijaisha.

Njia zote za mizizi zimesafishwa leo, au kuna kurudi? Jino la mbele kwa kawaida lina njia moja. Gego la chini mara nyingi lina tatu, na gego la kwanza la juu aghalabu lina nne. Kwa hiyo mwenye gego asishangae kuambiwa arudi mara ya pili.

Nikipata shida usiku nipige namba gani, na usipokuwepo nimwone nani? Madaktari wengine wa meno wanakuja Lamu kwa siku maalum kisha wanarudi Malindi au Mombasa. Ujue hilo ukiwa bado umekaa pale.

Umefaulu hatua hii ukitoka mlangoni na majibu yote yakiwa yameandikwa. Kichwa cha mtu aliyetoka kuchimbwa jino hakikumbuki kitu.

Hatua ya 2: Meza dozi ya kwanza wakati ganzi bado ipo

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu hasikii maumivu, anaona hana haja ya dawa. Ganzi ya kawaida inadumu saa 2 hadi 4, ya taya la chini wakati mwingine zaidi, na kidonge huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kabla ya kushika. Ukingoja hadi uumwe, utakaa saa nzima au zaidi na maumivu ambayo yameshapanda, na maumivu yaliyopanda ni magumu kuyashusha kuliko kuyazuia.

Kwa hiyo kula vizuri asubuhi kabla ya kwenda. Ukitoka, ndani ya saa moja au mbili, meza ibuprofen 400 na paracetamol 1000 (vidonge viwili vya 500) kwa maziwa au mtindi wa vuguvugu. Weka leso kidevuni. Mdomo wenye ganzi unachuruzika. Aliyepigwa sindano ya diclofenac ameze paracetamol tu, brufen isubiri saa aliyoambiwa.

Anayevuka kwenda Mokowe au visiwani ameze kabla ya kupanda boti. Ukianza safari bila dawa, mawimbi yakipiga ubavuni utalihesabu kila moja kwa jino lako.

Onyo: mpaka ganzi iishe, usile kitu cha kutafuna wala usinywe chai au kahawa ya moto. Mtu anajitafuna shavu lake bila kujua, na kesho analia kidonda ambacho hakikuletwa na daktari. Umefaulu ikiwa ganzi inaondoka nawe unasikia jino zito tu, au linapigapiga kwa mbali.

Hatua ya 3: Fuata saa kwa siku mbili hadi tatu

Usimeze kwa kuangalia maumivu. Meza kwa kuangalia saa. Ibuprofen na paracetamol hufanya kazi kwa njia mbili tofauti, ndiyo maana zikienda pamoja zinashika kuliko moja peke yake, na zinaruhusiwa kwenda pamoja. Ratiba nyepesi ni kila baada ya saa 8. Kwa aliyetibiwa asubuhi:

- Saa 6 mchana: ibuprofen 400 na paracetamol 1000.
- Saa 2 usiku, baada ya chakula: ibuprofen 400 na paracetamol 1000.
- Saa 10 alfajiri, na maziwa au ndizi: ibuprofen 400 na paracetamol 1000.

Kisha unaanza tena saa 6 mchana. Kwa siku nzima hiyo ni ibuprofen miligramu 1200 na paracetamol miligramu 3000. Ibuprofen usiipitishe hapo bila agizo la daktari. Paracetamol isizidi miligramu 4000 kwa saa 24 hata kwa mtu mwenye afya njema, na aliye chini ya kilo 50 ameze kidonge kimoja cha 500 mahali pa viwili, mpaka aelekezwe vingine.

Dozi ya alfajiri ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayomfanya mtu aamke analia. Tega kengele. Wengi wenu mtaamka kwa swala baada ya muda mfupi hata hivyo.

Sasa onyo kubwa la hatua hii. Vidonge vingi vya kichwa na vya mafua vinavyouzwa rejareja madukani vina paracetamol au aspirini ndani, hata kama jina la mbele halisemi. Panadol ni paracetamol. Panadol Extra ni paracetamol na kafeini. Mtu anameza paracetamol ya hospitali, juu yake Panadol, juu yake dawa ya mafua, na anadhani amejaribu dawa tatu, kumbe amemeza moja mara tatu. Ini halijali jina la pakiti. Geuza pakiti, soma maandishi madogo. Ukiona paracetamol, ihesabu. Ukiuziwa vidonge vilivyokatwa bila pakiti, mwambie muuzaji akuonyeshe pakiti yenyewe.

Vivyo hivyo brufen na diclofenac ni jamii moja. Chagua moja. Aspirini ya maumivu nayo isiongezwe juu yake.

Umefaulu ikiwa unaweza kulala, kuongea na kula laini, huku jino likikukumbusha tu kwamba lipo. Lengo si kutosikia kitu kabisa. Anayetafuta sifuri ndiye anayezidisha dozi.

Kuanzia siku ya 3, kama yameshuka, acha kengele ya alfajiri, meza unapohitaji tu. Ibuprofen ikipita siku 5 na bado unaihitaji, hilo si suala la dawa tena. Nenda hatua ya 5 na ya 6.

*Ukiwa ndani ya Ramadhani.* Kama jino linaweza kungoja, panga matibabu kabla ya mwezi au baada yake. Mchana mrefu bila dawa ndio unaoumiza. Likiwa haliwezi: ibuprofen 400 na paracetamol 1000 wakati wa futari, paracetamol 1000 peke yake mnamo saa 5 usiku, kisha zote mbili wakati wa daku, zote juu ya chakula. Usimeze brufen na tende moja na maji halafu ukakimbilia tarawehe. Ukishindwa mchana, ugonjwa ni udhuru, na siku hulipwa. Shekhe wa mtaani kwako atakueleza vizuri kuliko mimi.

Hatua ya 4: Baridi, chumvi na mto wa pili

Siku ya kwanza weka chupa iliyogandishwa, imezungushiwa leso, juu ya shavu dakika 15, pumzisha dakika 15 au 20, rudia unavyopata nafasi. Kitambaa ni lazima: shavu lenye ganzi halijui kwamba linaungua kwa baridi. Barafu usiiweke ndani ya mdomo juu ya jino.

Kuanzia kesho yake, nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua polepole mara tatu au nne kwa siku, hasa baada ya kula. Chumvi haiponyi mzizi. Inatuliza ufizi uliobanwa na vyuma na kusafisha. Maji ya bahari, tafadhali, hapana.

Usiku lala kwa mito miwili. Kichwa kikiwa chini damu inajaa na jino linapiga kama saa; ndicho kinachotokea pia mtu akisujudu, au akiinama kufunga kamba ya punda. Siku mbili hizo za mwanzo, mwenye kuumwa sana aswali kwa namna ambayo udhuru wake unamruhusu.

Piga mswaki kama kawaida, pamoja na jino lenyewe, kwa upole. Anayetumia mswaki wa mti asiutafune kwa upande uliotibiwa. Autafune upande wa pili, kisha asugue.

Hatua ya 5: Kula upande wa pili, kisha lipime zibiko

Uji, mtindi, mseto, samaki wa mchuzi aliyetolewa miba, viazi vilivyopondwa, wali wa nazi uliolainika. Mahamri ruhusa ukiyachovya kwenye chai isiyo moto.

Weka kando kwa sasa halua na kashata, zinazong'oa zibiko la muda. Mkate wa mofa uliokauka, mishkaki, korosho na mabuyu. Miraa na tambuu pia: kule ni kutafuna kwa saa nyingi bila kupumzisha taya, na miraa juu yake inakunyima usingizi ambao ndio unaouhitaji. Sigara inachelewesha fizi kupona. Nimeshasema, najua wengine hamtasikia.

Kinachostahili muda wako zaidi ni kupima zibiko, na karibu hakuna anayelifanya. Asubuhi ya siku ya pili, ganzi imeisha kabisa, keti wima na ufunge mdomo polepole bila nguvu, kama unayemeza mate. Meno yote ya upande ule yanapaswa kukutana kwa pamoja. Jino lililotibiwa likigusa la mwenzake kabla ya mengine, zibiko liko juu.

Pale kitini hukulijua hilo kwa sababu ulikuwa na ganzi, daktari alikuuliza "liko sawa?" ukatikisa kichwa. Sasa kila ukifunga mdomo unapiga sehemu iliyovimba, na unafunga mdomo mara nyingi sana kwa siku, hata usingizini. Hakuna kidonge kitakachoshinda hilo. Nimeona watu wakiongezewa dawa juu ya dawa kwa zibiko lililozidi unene wa karatasi.

Dawa yake ni kurudi. Daktari anaweka karatasi nyembamba ya rangi, buluu au nyekundu, katikati ya meno, anakuambia uma, uma, halafu saga kushoto na kulia. Karatasi inaacha doa pale panapogusa kwa nguvu. Analiparuza doa lile kwa mashine sekunde chache, anaweka karatasi tena, unauma tena, hadi madoa yote yawe mepesi sawasawa. Kwa kawaida haihitaji sindano, ni kazi ya dakika chache, na wengi hupata nafuu siku hiyohiyo au kesho yake. Usilisage mwenyewe kwa tupa ya kucha. Ndiyo, kuna waliojaribu.

Umefaulu ikiwa unaweza kufunga mdomo bila jino lile kutangulia.

Hatua ya 6: Andika namba kila asubuhi na kila jioni

Namba kutoka 0 hadi 10, joto la mwili, na kama kuna uvimbe. Basi. Unachotafuta ni mwelekeo. Siku ya kwanza 6, ya pili 6, ya tatu 4, ya tano 2: hiyo ni njia nzuri, hata kama siku ya tatu bado unaumwa. Siku ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 7: hiyo ni njia mbaya hata kama bado unavumilia.

Watu wachache hupata mlipuko: jino lililokuwa limetulia linaanza kuuma kwa nguvu na kuvimba saa kadhaa au siku chache baada ya kutibiwa. Haimaanishi daktari ameharibu. Inamaanisha jino linahitaji kufunguliwa, kusafishwa tena au kutolewa usaha, na kazi hiyo hufanywa na daktari kwa mikono.

Ukimpigia au kumtumia ujumbe, usiandike "daktari jino linauma sana." Andika hivi:

"Nilitibiwa Jumanne, gego la chini kulia, zibiko la muda. Leo siku ya 3. Nimemeza ibuprofen 400 na paracetamol 1000 kila saa 8, ya mwisho saa 6 mchana. Maumivu jana 4, leo 7. Shavu limevimba tangu alfajiri, joto 37.9. Nafungua mdomo vizuri, nameza mate vizuri. Presha sina, sukari ninayo."

Ambatisha picha ya uso ukitazama mbele, pande zote mbili zionekane ili uvimbe ulinganishwe. Kwa ujumbe huo daktari aliyeko Malindi anaweza kuamua kama ni kungoja asubuhi au ni kuondoka sasa.

Antibiotiki, karafuu na vitu vingine watakavyokushauri

Antibiotiki haziondoi maumivu ya jino lililotibiwa. Haziingii ndani ya jino lisilo na damu, na nyama iliyovimba kwa kuguswaguswa haina haja nazo. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kinashauri zisitolewe kwa sehemu kubwa ya maumivu ya meno ya watu wazima wenye kinga nzuri. Zinahitajika uvimbe ukienea au homa ikija, na hata hapo huwa ni msaidizi wa kazi ya daktari. Vile vidonge vya amoksilini sita vilivyobaki kabatini usivianze. Daktari akikuandikia, zimalize kama alivyosema.

Mafuta ya karafuu hapa kwetu yanatajwa kabla ya daktari. Yana ujenoli, ambayo ni dawa ya kweli, na madaktari wenyewe huichanganya kwenye baadhi ya saruji za meno. Lakini yanasaidia pale mshipa ulipo wazi. Wako haupo tena, na mafuta hayafiki kwenye ncha ya mzizi. Yatakachofanya ni kuunguza ufizi na, yakizama kwenye jino, yanaweza kuzuia zibiko jeupe la kudumu lisishike vizuri baadaye. Karafuu ibaki kwenye pilau.

Kidonge cha aspirini kinachowekwa juu ya ufizi kinaunguza hadi ngozi inageuka nyeupe na kubanduka. Kimezwe na asiyetumia brufen, au kiachwe.

Dalili za kuondoka hapohapo, usiku au mchana

- Uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, au unaopanda kufunga jicho.
- Kushindwa kumeza mate, sauti kubadilika kama umeshika chakula mdomoni, au pumzi kubana.
- Mdomo kukataa kufunguka hata upana wa vidole viwili.
- Joto la 38 au zaidi pamoja na uvimbe, au kutetemeka kwa baridi.
- Mwili kutoka vipele, midomo au ulimi kuvimba baada ya kumeza dawa.
- Kinyesi cheusi kama lami au kutapika damu. Acha ibuprofen mara moja.

Mwenye sukari au mwenye kinga dhaifu asingoje hata dalili ya pili. Uvimbe wa chini ya taya unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache, kwa hiyo hapa hutafuti daktari wa meno kwanza; unatafuta hospitali. Kwa walio kisiwani Lamu ni King Fahd, wa Pate waanzie Faza, wa bara Mpeketoni. Piga simu ukiwa njiani ili wajue unakuja. Mgonjwa akae wima kwenye boti, asilazwe chali.

Midomo ikiwa bado na ganzi kesho yake mchana, hilo si la kukimbia usiku, lakini mpigie daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Rudi ukalimalize

Jino likinyamaza, mtu anasahau. Zibiko la muda limetengenezwa likae wiki chache tu. Baadaye linavuja, mate yanaingia na vijidudu vyake, na matibabu yote yanaanza upya kwa gharama ileile au zaidi. Chakula kikianza kunasa hapo, au kipande kikimeguka, nenda hata kama hakuna maumivu.

Gego lililotolewa mshipa kwa kawaida linahitaji kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino lote. Limechimbwa, kuta zake zimebaki nyembamba, na mfupa mmoja wa mishkaki unaweza kulipasua hadi kwenye mzizi. Likipasuka hivyo huwa ni la kung'olewa. Jino la mbele lililo zima mara nyingi linatosheka na zibiko la kudumu. Mpaka hapo litakapofunikwa, endelea kutafuna upande wa pili.

Uliza bei ya kofia siku ileile ya mwanzo, kabla hujalipa ya mzizi, ili usikwame katikati. Na omba picha ya eksirei ya mwisho uipige kwa simu yako: siku ukijikuta Malindi au Mombasa jino likigoma, daktari wa kule ataona mara moja njia ngapi zilizibwa na zimezibwa hadi wapi.